Nani Kakuomba Uikosoe?

FUNDI WA STUDIO: Picha ni mbovu, nimeshasema. Mvuvi kasimama kwenye mtumbwi, jua linazama, maji yamekuwa dhahabu, na nyuma yake nguzo ya Daraja la Magufuli la hapa Ifakara imemwota kichwani kama pembe ya mbuzi. Watu wameandika "hongera sana", "umetisha", "upo vizuri dada", na vidole gumba juu. Nguzo hawakuiona? Au waliiona wakaamua kumpaka mwenzao mafuta kwa mgongo wa chupa?

MPIGA PICHA WA SIMU: Shikamoo fundi. Mwenye picha nipo.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Najua upo, ndiyo maana nasema. Usingekuwepo yangekuwa majungu.

MPIGA PICHA: Swali langu ni dogo. Nani kakuomba? Mchana kutwa niko dukani napima mbegu na mbolea. Jioni napanda baiskeli hadi mtoni, napiga picha zangu, narudi kupika. Hanilipi mtu. Mama akiimba huku anafua, utatoka nje umwambie hapo umepotea sauti?

FUNDI: Akifua simwambii. Akishika kipaza sauti kwenye harusi ya watu, namwambia. Wewe picha hukuifungia sandukuni. Umeiweka kundi la mtaa mzima tuione.

MPIGA PICHA: Niliiweka muione, sikuiweka muipime.

MWALIMU WA KISWAHILI: Kuona bila kupima sijui kama kunawezekana, ila tusijifanye jambo hili limekuja na simu. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, makarani, walimu na wasomaji wa kawaida walipeleka mashairi yao. Hawakuwa washairi wa kulipwa. Wasomaji wenzao wakawajibu, tena kwa shairi; mtu anaambiwa kina chako kimepotea, naye anarudi kujitetea kwa beti. Mwaka 1954 Amri Abedi akatoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kila mtu akawa na rula mkononi.

FUNDI: Umeona? Rula.

MWALIMU: Ngoja nimalize. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Wenye rula wakapima, wakakuta hakuna pa kuanzia, wakasema hayo si mashairi. Leo hakuna anayefundisha ushairi wa Kiswahili akaruka jina lake. Kwa hiyo nikimsikia fundi anarudia ile kanuni ya kugawa fremu mara tatu, kwamba mtu akae kwenye mstari wa pembeni asikae katikati, namuuliza: hapo unatazama picha au unatazama rula?

FUNDI: Kezilahabi alijua anachokiacha. Huyu binti hakuiacha nguzo pale kwa makusudi. Muulize.

MPIGA PICHA: Sikuiona.

FUNDI: Basi.

MPIGA PICHA: Basi nini? Sikuiona kwa sababu nilikuwa natazama maji. Ungeniandikia "sogea hatua mbili kushoto" ningekushukuru mpaka kesho, maana hatua mbili najua kuzipiga. Uliandika "mbovu". Mbovu nifanye nayo nini?

FUNDI: Utafute ubovu mwenyewe. Mimi ndivyo nilivyofundishwa.

MWALIMU: Kweli?

FUNDI: Hapana, si kweli. Nilifundishwa hapa hapa Ifakara na mzee mmoja, mwaka 1983. Roli ilikuwa na picha 36, na za rangi hatukuweza kuzisafisha wenyewe. Zilipanda TAZARA kwenda Dar, unasubiri wiki mbili kujua kama umeharibu harusi ya watu. Kosa lilikuwa na bei. Yule mzee hakuwa msemaji. Alikata kona mbili za boksi la karatasi za picha, kila moja kama herufi L, akazilaza juu ya picha yangu zikafanya dirisha. Anazisogeza taratibu. Mara dirisha linabana, mara linapanuka, mara linaacha mkono wa mtu nje. Anauliza, "Unaona nini?" Nikijibu ovyo, anasogeza tena. Nusu saa, picha moja. Kuna siku dirisha lilibana mpaka ndani yake pakabaki jicho la bibi harusi na ncha ya shela, basi. Nikatamani kulia. Picha ilikuwamo humo humo, mimi nilikuwa nimeizungushia turubai, masufuria na watoto wa jirani.

MPIGA PICHA: Mzee wako aliuliza. Wewe umetangaza.

FUNDI: Nimezeeka. Nusu saa sina.

MPIGA PICHA: Lakini muda wa kuandika "mbovu" ulikuwa nao. Tena ukutani kwako umetundika picha ya kivuko cha zamani. Imepinda, mto wote unamwagikia upande wa kulia, na mbele kuna bega la mtu asiyejulikana. Kwa nini hukuitupa?

FUNDI: Kwa sababu kivuko hakipo.

MPIGA PICHA: Haya.

FUNDI: Kilizama Januari 2016, na mwaka 2018 likafunguliwa daraja, mita 384 za zege na chuma. Watoto wa sasa wanavuka kwenda Lupiro na Mahenge bila kujua watu walikuwa wanalala pale wakisubiri zamu. Ile picha wanaijia wazee, wanasimama, wanaonyeshana kwa kidole. Lakini usidhani nimeisamehe. Kila nikiitazama shingo inaniuma.

MPIGA PICHA: Hata ingenyooka wazee wangesimama hapo hapo.

FUNDI: Wangesimama, na wangekiona kivuko chote badala ya nusu yake na bega. Mwanangu, nikuambie kinachonifanya niwe mkali. Unajua kazi yangu kubwa siku hizi? Si harusi, na pasipoti zimepungua. Ni misiba. Saa mbili usiku wananigongea. Baba kafariki, mazishi kesho saa saba, wanataka picha ya kuweka mbele ya jeneza. Wananipa simu. Mle ndani marehemu kapigwa mara mia nane, na hakuna hata moja ninayoweza kuitumia. Hii kapigwa kwa mbali kwenye kipaimara cha mtoto, uso saizi ya punje ya mchele. Hii jua la saa sita, macho yamekuwa mashimo. Iliyo nzuri ilitumwa WhatsApp, ikahifadhiwa, ikatumwa upya, na kila ikitumwa hivyo inapungua, mpaka ngozi imekuwa vigae. Naikuza, uso unayeyuka. Mjane kakaa kwenye benchi langu anatazama kioo cha kompyuta, ananiuliza, "Huyo ni yeye kweli?" Wale wa "hongera sana" saa hiyo hawapo. Nipo mimi.

(Nami ninayeandika malumbano haya ninayo sebuleni picha ya babu ya namna hiyo hiyo. Wageni huuliza ni nani.)

MPIGA PICHA: Nami nikuambie yangu. Bibi yangu, mzaa mama. Mwezi wa sita, mavuno, kaanika mpunga kwenye turubai uani. Anaugeuza kwa miguu, anaburuta unyayo polepole, na nyuma yake kinabaki kijia, halafu kijia kingine pembeni yake, mpaka turubai zima limekuwa kama shamba lililopigwa matuta. Nyuma yake ukuta mweupe. Nikapiga. Matuta yakatoka, kanga ikatoka, uso ukatoka mweusi tii. Nikaiweka kundini. Mmoja akaandika, "Hii picha au eksirei?" Wakacheka watu wazima, majina yao niliyaona, wengine tunasali nao. Nikaifuta, kule na kwenye simu. Bibi kafariki Agosti. Kwa hiyo usinihadithie uso saizi ya punje ya mchele, fundi. Mimi picha nilikuwa nayo.

FUNDI: Ulitazama kwenye zilizofutwa? Huwa zinakaa mwezi hivi.

MPIGA PICHA: Nimekwambia nilifuta Juni.

FUNDI: Pole, mwanangu. Pole sana.

MWALIMU: Ndiyo hofu yangu. Wahenga wametuachia yule mgema ambaye akisifiwa tembo hulitia maji, na kila mkosoaji anamtumia kujitetea. Mgema aliyezomewa hatuna methali yake. Huyo ameshuka mnazini na kibuyu kitupu, kwenda kuuza vocha.

FUNDI: Aliyeandika eksirei hakukosoa. Alitaka kuchekesha genge, na binti akawa ngoma yake. Msinitie kapu moja naye. Mimi ningeiona ile picha ningekuambia hivi. Kamera ni mjinga anayependa wastani. Chochote unachoielekezea, inadhani kikichanganywa chote kitatoka kijivu. Ukuta mweupe ukijaa kwenye fremu inashtuka, inapunguza mwanga wa picha nzima, na anayeumia ni bibi. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu. Kitatokea kijijua pembeni, kitelezeshe juu. Ukuta utaungua uwe mweupe pe. Uache uungue, hatukufuata ukuta pale. Au mwombe bibi ageuke, ukuta uwe mbele yake umrudishie mwanga usoni. Na saa uiangalie. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hapa kwetu linasimama utosini kabisa, hakuna fundi anayeshindana nalo. Subiri saa kumi. Ukiwa Mang'ula wahi kidogo, maana milima ya Udzungwa inalimeza jua mapema. Ukitaka kumtumia mtu picha, itume kama dokumenti, isipungue.

MPIGA PICHA: Unaona? Hayo yote unayajua, na uliandika neno moja.

MWALIMU: Na tuongeze kwamba mjinga huyo alilelewa. Kwa miongo kadhaa maabara zilizotumia filamu za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi ziliitwa Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imetengemaa. Miongoni mwa waliolalamika mpaka filamu ikarekebishwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwamba kahawia zao hazitofautiani. Ngozi za watu hazikutosha kuwa lalamiko. Sasa leo mtoto wa Kilombero anapiga picha ya bibi yake, anaambiwa eksirei, anaona kosa ni lake peke yake.

FUNDI: Hilo nalijua kwa macho yangu. Picha ya darasa, watoto arobaini, zinatoka meno na mashati. Wazazi walinilaumu mimi. Lakini Shirley hakuiweka nguzo kichwani kwa mtu.

MPIGA PICHA: Kuna kitu nyinyi wawili hamkioni kwa sababu ni wanaume. Kijana wa bodaboda akiweka picha iliyopinda, wanasema mbunifu. Mimi nikiweka, swali la kwanza simu nimenunuliwa na nani, la pili jioni naenda mtoni kufuata nini. Ndani ya hayo nitafute wapi lililo kweli kuhusu nguzo? Wateja wangu wa mbolea wamo kundi hilo hilo. Ukiwa na neno, fundi, njoo dukani uniambie.

FUNDI: Sifa mnazitaka hadharani, kasoro chumbani.

MPIGA PICHA: Ndiyo. Hivyo hivyo. Hata wewe mteja akikataa picha zake unamvuta ndani kwanza.

MWALIMU: Kesi hii sitaiamua, lakini wale wa Mambo Leo walikosoana hadharani kwa sababu wote walikuwa na kalamu. Aliyeambiwa kina chake kimepotea aliweza kulikagua shairi la mwenzake. Wale waliomcheka bibi, wangapi wamewahi kuweka picha yao?

MVUVI: Na mimi mtaniuliza lini? Nimekaa hapa tangu mwanzo mnanigeuza upande huu na upande huu kama kambale sahanini. Pembe, nguzo, dhahabu. Kichwa chenyewe ni changu.

MWALIMU: Samahani, mjomba.

MVUVI: Zamani, kabla ya daraja, alikuja mgeni mmoja na kamera kubwa. Akaniambia nishike chandarua, nisicheke. Nikashika, sikucheka. Akaondoka nayo. Miaka ikapita, mtoto wa dada yangu akarudi kutoka mjini akaniambia, mjomba nimekuona kwenye kalenda, upo mwezi wa tisa.

MWALIMU: Siku hizi ipo sheria ya kulinda taarifa binafsi, ya mwaka 2022. Sura yako haiwezi kuchukuliwa tu ikawa ya mtu mwingine...

MVUVI: Sheria ni nzuri. Mimi nilitaka kalenda.

MPIGA PICHA: Lakini mjomba, mimi nilikuonyesha. Pale pale mtumbwini.

MVUVI: Ulinionyesha kwenye kioo kinachopigwa na jua, nikaona pua yangu. Leo ndiyo nimeiona, kwenye karatasi ya fundi.

MPIGA PICHA: Karatasi gani?

FUNDI: Niliichapa.

MPIGA PICHA: Ile mbovu?

FUNDI: Saizi ya ukutani. Sikuichapa kwa sababu ya nguzo. Mwanga ulivyokaa kwenye maji pale, sijaupata mimi kwa miaka arobaini. Nikaitundika, nikakaa, ndipo nguzo ikaanza kunikera. Ingekuwa picha ya hivi hivi nisingeiona kabisa.

MPIGA PICHA: Hayo kundini hukuyaandika.

MVUVI: Nguzo mimi hainisumbui. Kasoro iko kwenye upondo.

FUNDI: Upondo una nini?

MVUVI: Pale chini ya daraja maji ni marefu. Upondo haufiki chini. Pale mtu anakaa, anapiga kasia. Hapa nimesimama, nimejikunja kama nasukuma, na sisukumi kitu. Mti unaelea. Mndamba, mtu wa mto huu, akiiona hii atauliza, huyu mzee kalewa saa hizi?

MPIGA PICHA: Mimi ndiye niliyekuomba usimame nao.

MVUVI: Ulikuwa mgeni mtumbwini kwangu. Ningekukatalia?

FUNDI: Siku tatu naitazama. Upondo sikuuona.

MWALIMU: Wala mimi.

FUNDI: Hata hivyo, mjomba, picha si hati ya kiapo. Studio yangu ilikuwa na pazia lililochorwa ndege inapaa, na mtu aliyesimama mbele yake hajawahi kuvuka Kidatu. Alilipa, alifurahi, ameitundika mpaka leo. Nikamwambie picha yako ni ya uongo?

MWALIMU: Kule Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyekuwa akikata picha za watu na kuzibandika, sura ya mteja inachipua pasipoota sura. Mkosoaji mwenye kanuni za ukweli angefunga ile studio siku ya kwanza, na pwani ingekosa picha ambazo hazifanani na za mtu mwingine yeyote.

MVUVI: Pazia kila mtu analijua kuwa ni pazia, na aliyesimama mbele yake ndiye aliyelichagua. Mimi sikuchagua. Na huyu chini ameandika "mvuvi kazini". Siku ile sikuwa kazini. Nyavu zilikuwa nyumbani zinakauka, nilishuka kufunga mtumbwi tu.

MPIGA PICHA: Nitabadilisha maneno.

MVUVI: Maneno ni ya mwalimu. Wewe badilisha picha.

MWALIMU: Kwa maoni yangu ile ya kwanza ibaki pia. Mwanga ule hautarudi kwa sababu upondo umekosewa.

MVUVI: Ibaki kwa fundi, saizi ya ukutani. Isiandikwe kazini.

MPIGA PICHA: Nikija tena utanivumilia?

MVUVI: Njoo alfajiri, saa kumi na moja, upande wa juu ambako maji ni ya magotini. Pale upondo unagusa mchanga, mtaona mgongo unavyofanya kazi. Uvae ndala. Viatu vitabaki kwenye tope.

FUNDI: Na simu uitie kwenye mfuko wa nailoni. Na kabla hujabonyeza, kagua nyuma ya kichwa chake.

MPIGA PICHA: Kumbe ulijua kusema.

FUNDI: Mtumbwi unabeba wangapi?

MVUVI: Watatu, mmoja akikaa kimya.